Jioni Zilizofuata Matanga

Mheshimiwa Padre, Ndugu Pascal Mwenyekiti wetu wa Wazazi, walimu wa shule yetu ya Jumamosi, wageni waalikwa, nanyi watoto mnaohitimu leo mwaka wa kwanza wa Kihispania: nawasalimu kwa heshima. Niwieni radhi kwa sauti hii ya kizee. Nimepewa nafasi kabla wazazi hawajapiga kura kama somo hilo liendelee au lifutwe.

Mnakumbuka majirani wa Kolombia walipohamia jengo letu hapa Weston, huku ughaibuni? Ndani ya lifti tulinong'ona kwamba wamekuja kutunyang'anya kazi za maghala kule Malton. Na somo lilipoanzishwa, Ndugu Pascal, samahani kukutaja, ulisimama ukasema: "Watoto wenyewe ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Kihispania cha nini tena, jamani?" Ukapigiwa makofi.

Kisha, wakati wa theluji, mke wangu Prudence akafariki. Mlilia pamoja nami, tukavunja matanga siku ya tatu kwa desturi yetu, viti vikarudishwa kanisani. Jioni iliyofuata mlango ukabishwa. Pascal, aliyekuja kunijulia hali, akafungua, akamkuta Bi Consuelo wa ghorofa ya juu na jamaa zake, kila mmoja na kiti chake.

"Mama, matanga yamekwisha."

Hawakumwelewa. Wakaingia, wakaketi, wakatoa rozari.

"Ariane, hebu waulize wanataka nini," akanong'ona Pascal, na mjukuu wangu akauliza kwa Kihispania alichofundishwa humu ukumbini.

"Babu, wanasema kwao mfiwa haachwi peke yake mpaka siku tisa zitimie."

Niieleze vipi jioni ile? Theluji ilidondoka taratibu juu ya mto Humber, na sala nisiyoijua maneno yake ikaenda na kurudi kwa mwendo uleule tuliofunzwa na masista kule misheni, hata nikasinzia, nikadhani Prudence yuko jikoni anaitikia. Nani kati yenu angependa kuamshwa? Wakarudi kila jioni. Ile ya mwisho Ariane ndiye aliyeongoza, na Pascal akaitikia. Vibaya sana, lakini kwa sauti.

Wazazi wenzangu, tukilifuta somo hili, siku nyingine nani atawauliza waliosimama mlangoni wamekuja kwa jambo gani? Naomba, kwa unyenyekevu, liendelee.

Nawashukuru mno kwa kunitegea sikio. Ndugu Pascal, nakuona umeshainua mkono. Ushushe kidogo, kura bado haijaitishwa.