Kitabu Kilichokatwa Mapande Matatu

Kraaa! Usiku ule mlio ulikuwa mmoja tu, kama ubao unaopasuka, na mke wa fundi viatu akakurupuka kitandani akidhani mlango umevunjwa. Kumbe ni mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Gundi, amekipasua kitabu kinene kwa kisu cha kukatia ngozi. Wenzake wa kijiweni walikuwa wamegoma kusubiriana: kitabu kimoja, wasomaji watatu, nani atangulie? Basi akakikata mapande matatu, kila pande akalishona kwa uzi wa viatu. Jalada, lenye jina la mwandishi, alilitia jikoni likaungua. Mwandishi huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya kumzika baba yao hakutokea; alituma hotuba, ikasomwa na mtu baki. Tangu hapo Gundi humwita “yule”, na kijiwe hakijui hata kama ana ndugu. Kitabu kilipomfikia kwa posta hakuthubutu kukisoma. Lakini alitaka kujua, tena alitaka sana, kama mle ndani mna neno lolote juu ya mzee. Ndipo akawaambia wenzake kwamba kimesahauliwa na mteja, akawaachia wamsomee bila wenyewe kujua.

Siku tatu baadaye benchi lilikuwa limejaa. Alikuwepo kinyozi wa kibanda cha jirani, jina lake la mtaani Bunge, kwa sababu hamalizi kunyoa kichwa kabla hajakijadili. Alikuwepo Breki, dereva mstaafu wa malori. Bi Kahawa alikuwa akiwamiminia kahawa, miwani puani, pande lake la kitabu mapajani. Gundi alikaa kwenye kigoda chake, anashona, masikio wazi.

— Hiki ni kitabu cha siasa, alianza Bunge. Jamaa kasoma vitabu vya watawala wa kila aina, halafu anauliza kitu kimoja tu: kwa nini mkubwa akiingia ofisini, cha kwanza anabadilisha kiti?

— Na jibu?

— Hajibu. Kaliacha swali linaning'inia. Ila mimi ninalo. Kiti cha zamani kina joto la mwenzake. Akikikalia tu, ataanza kuwaza kama yule aliyetoka.

— Porojo! alisema Breki. Hiki ni cha uchumi. Kwangu kuna ukurasa mzima wa vitunguu.

— Vitunguu?

— Vitunguu, ndugu yangu. Anasema wataalamu wameandika vitabu vizito juu ya soko, wala hakuna aliyemuuliza mwenye vitunguu kwa nini jioni anashusha bei.

— Si anataka kwenda nyumbani, alisema Bi Kahawa.

Breki akamkodolea macho.

— Umesoma pande langu wewe?

— Nimeuza kahawa, baba.

— Basi ndivyo alivyoandika! Na mimi naongeza: uchumi wote wa dunia unaendeshwa na watu wanaotaka kwenda nyumbani. Mahali ambapo watu hawataki kurudi makwao, bei hazishuki hata uombe dua.

— Tuwaoze wenye maduka wake wazuri, alisema Bunge, bei zianguke kesho!

— Na wenye maduka wanawake? aliuliza Bi Kahawa.

— Hao Bunge litawajadili.

Walicheka, wakanyoosha vikombe viongezwe. Gundi hakucheka. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia.

— Ila huyu si mtu mmoja, alisema Bunge. Hii ni kamati. Kichwa kimoja kisome siasa, kisome uchumi, kisome na hadithi? Kinakula saa ngapi?

— Si kamati, ni mlinzi wa maktaba, alisema Breki. Analipwa akeshe, basi anakesha na vitabu.

— Ni mwanamke, alisema Bi Kahawa. Mwanamume gani anajua bei ya jioni?

— Na kwako, shangazi? Gundi aliuliza, kichwa chini. Kwako kuna nini?

— Kwangu ni mashairi, hadithi, mila za watu. Kinakwenda vizuri, kila kitabu na mawazo yake. Halafu ghafla anaviweka vitabu vyote kando, anamsema baba yake.

Sindano ikasimama.

— Soma, alisema Gundi.

Bi Kahawa akasogeza miwani, akasoma taratibu:

— “Nyumbani hatukuwa na kitabu hata kimoja. Baba alishona viatu, na kila kiatu alikijaza gazeti kuukuu kisipoteze umbo. Mimi na kaka tuliyachomoa, tukayakunjua, tukasoma. Mara nyingi mwanzo wa habari ulikuwa kwenye kiatu cha mwalimu, na mwisho kwenye cha mkunga, naye ameshakichukua. Hapo kaka alinitungia mwisho. Kila kitabu nilichosoma tangu siku zile, nikifika ukingoni, najiuliza kaka angekimalizaje. Baba alipokufa niliandika maneno ya kumuaga. Niliogopa kusimama kuyasoma mbele ya kaka. Msimulizi ni yeye, si mimi.”

— Uongo huo! alisema Bunge. Nani anasoma kiatu?

— Ni kamati yako hiyo, imekosa la kusema, alisema Breki.

Bi Kahawa akashusha miwani. Alikuwa akiviangalia viatu vya wateja vilivyopangwa miguuni pa Gundi, kila kimoja na gazeti lake mdomoni.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni muda wote, kiatu kilichokatika kisigino mkononi. Watu wa mtaa ule hawakuwahi kumwona.

— Samahani wenyewe, alisema. Huyo mnayemsoma ni nani?

— Jalada halipo, mama, alisema Breki. Hatujui.

— Mmemfanya kamati, mmemfanya mlinzi, mmemfanya mwanamke. Jina lake hamlijui?

Bunge akalipekua pande lake kutafuta jina. Bi Kahawa akainua birika amimine, kumbe kahawa imekwisha.

Gundi akaweka sindano chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

— Ni mdogo wangu, alisema. Sisi wa tumbo moja.

Kisha akalitamka jina, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwita aliye mbali: lake, la baba yao, la babu yao.