Daktari Amebadilika

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema popote redio yenu ilipo, jikoni, dukani, hata kwenye simu mfukoni. Leo tunamkumbuka Daktari Ferdinand Chilumba wa Mabibo. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alifariki Aprili mwaka huu katika kituo cha afya cha Nalimbwe, kusini kabisa, mwendo wa siku nzima na ushee kutoka hapa Dar. Kituo kizima kilikuwa na daktari mmoja. Daktari huyo alikuwa yeye.

Haya yote nimeyapata kwa mama yake, Mama Ferdi, anayeuza ndizi pale sokoni Mabibo. Nilimuuliza kama kuna la kuficha. Akasema, "Usipunguze, mwanangu. Wakisikia nusu haitasaidia."

Ferdinand alisomea udaktari China, miaka sita. Siku aliyorudi, wapagazi wa soko waligombania begi lake. Mama alijua wiki inayofuata mwanawe atavaa koti jeupe. Haikuwa hivyo. Daktari aliyesoma nje anafanya mtihani kwanza. Ferdinand aliufanya, akafeli. Akarudia, akapita. Akamaliza mwaka wa mazoezi hospitalini. Halafu akakaa nyumbani kusubiri ajira. Akasubiri miaka mitatu, wapendwa, huku akishusha mikungu ya ndizi na mama yake.

Wapagazi walimbatiza jina, Dokta Mchina. "Dokta Mchina, hebu pima mkungu huu, naona kama una homa." Naye alikuwa anainama, anauwekea sikio, anasema, "Hauna homa. Ni mjamzito." Soko linacheka. Mama alicheka pia, lakini usiku ule hakula.

Barua ya ajira ilipokuja ilikuwa imeandikwa Nalimbwe. Mama hakuipenda hata kidogo. Kulikuwa na binamu aliyeahidi kumtafutia nafasi kwenye zahanati moja ya Mikocheni, angevumilia tu miezi michache. Ferdinand alikuwa tayari anakunja mashati.

"Mama, hapa mie ni Dokta Mchina," alimwambia. "Kule nitakuwa daktari."

Akaenda. Na Mama Ferdi akaanza kuomba. Miaka miwili, kila Alhamisi kwenye jumuiya yao ya sala, ilipofika zamu yake ya kutaja nia, alitaja moja tu: Ferdi abadilike. Abadilike moyo, aombe uhamisho, arudi. Majirani waliizoea nia ile kiasi kwamba asipofika wao waliitaja kwa niaba yake. Na kila Jumapili Ferdinand alipopiga simu, mama hakuaga bila kuuliza.

"Haya, umebadilika?"

"Bado, mama."

Wanacheka, wanakata simu. Kila Jumapili. Naomba mlishike neno hilo, wasikilizaji wapendwa.

Sasa twende Nalimbwe. Wiki yake ya kwanza tu, babu mmoja alileta mjukuu, mtoto mweupe kama karatasi kwa kuishiwa damu. Ferdinand akamwambia babu wazi kama alivyofundishwa: mtoto anakufa, tusipomwongeza damu sasa hivi atakufa. Babu akambeba mjukuu akaanza kutoka naye. Hawezi kumwacha mtoto kwa mtu anayemtamkia kifo. Ni muuguzi, Sista Mwamvita, aliyemkimbilia mlangoni, akamrudisha kwa maneno laini. Mtoto akaongezewa damu, akapona. Baadaye Mwamvita akamweka daktari kando. Alimwambia, dokta, huko ulikotoka sijui, ila huku hatusemi hivyo. Huku tunasema mgonjwa amebadilika. Kila mtu anaelewa.

Ferdinand akanunua daftari dogo. Kila neno la wagonjwa lililompita aliliandika, na maana yake pembeni. Alisema kwenye mtihani wake wa kwanza lilimwangusha jambo hilohilo: magonjwa aliyajua, watu hakuwa ameongea nao.

Wakampenda kule. Wanawake watatu wamewaita watoto wao Ferdinand. Mmoja ni wa kike, anaitwa Ferdinanda.

Tukafika Aprili. Mvua za masika zilikuwa hazijapumzika siku tisa. Jumatatu alikuja mama mjamzito, uchungu umekwama, na dawa ya usingizi ya upasuaji ilikuwa imekwisha kituoni. Ferdinand akampandisha kwenye gari la wagonjwa aende wilayani. Ni gari pekee walilokuwa nalo. Gari lilivuka daraja. Saa mbili baadaye daraja likachukuliwa na maji. Yule mama alijifungua salama. Gari likabaki ng'ambo.

Ferdinand alikuwa anaumwa tumbo tangu Jumapili. Hakumwambia mama yake. Jumanne alijibonyeza mwenyewe upande wa kulia, chini, akajua. Akamwita Mwamvita.

"Ni kidole tumbo, sista. Daktari wa kukitoa yupo. Ila ndiye huyu aliyelala."

Mwamvita anasema alicheka, halafu akatoka nje kulia. Walimpa dawa walizokuwa nazo. Vijana wa kijiji walijaribu kutengeneza chelezo cha kumvusha, mto ukakivunja. Waliipigia wilaya, wilaya nayo ilikuwa inatafuta boti.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Mama Ferdi alikuwa anapanga ndizi. Simu ikaita. Mtandao ulikuwa unakatikakatika kwa mvua.

"Shikamoo, mama. Ni Mwamvita, nesi wa Nalimbwe. Mama, daktari amebadilika. Tangu alfajiri. Tunatafuta usafiri tumlete."

Mama Ferdi aliketi juu ya ndizi zake.

"Asante Mungu," alisema. "Asante, mwanangu."

Mwamvita akauliza, "Nikupe uongee naye?"

"Mwache, asichoke. Tutaongea akija."

Wasikilizaji wapendwa, si kwamba Mama Ferdi hajui msemo ule. Ameuguza, amezika, anaujua. Lakini miaka miwili alikuwa akiliomba neno lile kwa Mungu, na sasa limekuja masikioni mwake, asubuhi ya Alhamisi, siku ya jumuiya. Alisikia lile alilokuwa analiomba.

Alitangaza soko zima. Ferdi amebadilika, anarudi. Wapagazi wakapiga makofi, wakasema Dokta Mchina atawapima mikungu bure. Alimwachia jirani meza, akaenda nyumbani. Yeye na binti yake, Herieth, wakaosha mapazia ya chumba cha Ferdinand. Wakafunga chandarua kipya. Wakaanika godoro kila mvua ilipokata. Jioni kwenye jumuiya hakutaja nia. Alitoa shukrani. Wakaimba.

Ferdinand alikuwa amefariki saa tisa mchana.

Simu ya pili aliipokea Herieth, wakati wenzake bado wanaimba.

Mwamvita alisindikiza jeneza hadi Mabibo. Alipiga magoti mbele ya Mama Ferdi, akamwambia alidhani daktari alishamwambia mama kuwa anaumwa. Aliposikia "asante Mungu" aliwaza, huyu mama ana imani ya ajabu. Na akamwambia jambo moja zaidi, kwa sababu mama alimuuliza. Ndiyo, saa mbili asubuhi Ferdinand alikuwa bado anasikia. Simu ilikuwa imeshawekwa jirani na mto wake wa kulalia.

Kwenye begi kulikuwa na lile daftari. Mama Ferdi alilisoma baada ya arobaini. Ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa mwanawe: "Kubadilika. Mgonjwa anakaribia kufa. Ndugu waitwe waje waongee naye."

Kwa niaba ya kituo chetu tunawapa pole Mama Ferdi, Herieth, ndugu wa Mabibo, na watu wa Nalimbwe, ambao hadi leo ninavyosema hawajapata daktari mwingine. Pole pia kwako, Sista Mwamvita. Mama anasema hakuwekei neno moyoni, na ameniomba niliseme hewani ulisikie.

Nanyi wasikilizaji, leo tujiulize: yule tuliyempeleka mbali akawatibu watu, nani anamtibu yeye? Na simu ikija kutoka mbali, ukaambiwa mtu wako amebadilika, usishukuru, usilie. Uliza, amebadilikaje. Halafu sema, nipe niongee naye.