Chupa Ifungwe Mpaka Ndama Alambwe

Sogezeni vigoda, wadogo zangu, na masikio yenu yasogee kuliko vigoda, maana sauti hii iliyokuwa ikiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde leo haivuki hata blanketi. Wewe Kinyozi, usijifanye unakagua paa. Nawe Mwalimu, nikikosea sarufi nisamehe. Kaka yenu aliacha shule darasa la tano, na si kwa ujinga, ila walimu walikuwa wameishiwa na cha kumfundisha. Chekeni, chekeni tu. Nyumba hii niliyowalea baada ya wazazi kututoka haijasikia kicheko cha watu wawili tangu mlipoondoka, kila mmoja na njia yake.

Kwanza mali. Husemwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa chema na bado nikajitembeza, kila gulio likanijua. Nilichemsha mchaichai na kivumbasi katika pipa lile la nyuma ya nyumba, mvuke ukapita kwenye bomba lililozama ndani ya maji baridi, ukadondoka tone kwa tone, na mafuta yakaelea juu ya maji kwa maringo, yaani kama mimi. Kupe walihama zizini kwangu bila kupewa notisi. Lakini shikeni hili: msiyapake yakiwa makali, mtamchubua ng'ombe. Kijiko kidogo kimoja kwenye kikombe kizima cha mafuta ya kula, mpake masikioni, chini ya mkia, kwenye mikunjo ya mapaja, na chuchu mziache. Harufu ikififia, rudieni. Kupe wakizidi, au ng'ombe akishikwa na homa, mwiteni daktari wa mifugo, msilete ubishi wa ukoo wetu; mafuta ni bawabu, si jeshi.

Sasa hiyo harufu. Iliyofukuza kupe ilifukuza na watu. Nikiingia dukani, foleni inajitenga yenyewe. Mchumba wangu wa mwisho aliniambia, "Kukukumbatia wewe ni kama kukumbatia birika la chai." Nikamtania, basi njoo na sukari; akaenda kuitafuta mpaka leo hajarudi.

Ndiyo maana yule ndama wa ng'ombe wetu Malkia namwelewa kuliko mnavyomwelewa nyinyi. Kinyozi, nia yako ilikuwa njema: ndama alizaliwa, bado ana majimaji ya tumboni, ukaona kupe majanini, ukampaka mafuta mwili mzima kabla mama yake hajamlamba. Malkia akamnusa, akanusa mchaichai, mwanawe hakumwona, akampiga teke. Tulimnywesha kwa chupa, akatufia mikononi. Nawe Mwalimu ukamwita ndugu yako muuaji mbele ya wanunuzi wa maziwa, neno ambalo kalamu yako nyekundu haijaweza kulifuta. Malkia mwenyewe alisahau, akabeba mimba nyingine. Nyinyi wenye akili ndio mmebaki mnanusana na kupigana mateke. Kikulacho ki nguoni mwako, na kupe huyu wenu mafuta yangu yote hayajamng'oa.

Basi, Kinyozi, pipa ni lako. Mwalimu, bomba ni lako. Usikunje uso, nimefikiri. Pipa bila bomba ni sufuria isiyo na mfuniko, na bomba bila pipa ni filimbi isiyolia. Mkitaka mafuta, mtakutana. Shamba la mchaichai ni lenu wote, na mpaka msiweke. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima peke yangu vya kutosha, sasa chukueni kapu.

Malkia kiwele kimejaa, ni leo au kesho. Msiondoke. Kinyozi ampokee ndama, Mwalimu ashike chupa ya mafuta, na chupa ifungwe mpaka ndama alambwe, akauke, asimame, anyonye. Hata ikiwa ndiyo saa nakata roho, nendeni kwa ndama kwanza. Mimi sihami.

Nipe maji kidogo... Ahsante.

Tangu niwatumie salamu mje, mafuta sijayagusa. Kila asubuhi naoga kwa maji na sabuni ya kufulia, nasugua mpaka ngozi inalalamika, nikisema wakija wasije wakapiga chafya mlangoni. Sijui kama imebaki harufu yangu mwenyewe huku chini ya mchaichai. Mama ndiye aliyekuwa akiijua... na nyinyi, mlipokuwa mnalala hapa, kila mmoja bega lake.

Mungu awanenepeshee mifugo. Awape kujuana hata gizani. Awape...

Sogea, Mwalimu. Nawe, Kinyozi, lete kichwa. Hapa, shingoni. Nuseni.

Ni mimi?

Semeni basi... Ni mimi?