Kibao cha Mradi wa Maji

Kijiwe chetu kipo chini ya kibao cha mradi wa maji. Maji yenyewe hayajawahi kufika, ila kivuli tunacho, na kwa hicho tunamshukuru Mungu. Asubuhi ile alikuja fundi wa rangi na ngazi, katumwa afute neno UNAENDELEA, aandike UMEKAMILIKA. Akaomba mtu wa kumshikia ngazi. Nikaenda mimi, Mungu anisamehe. Napenda mno kuonekana nina kazi. Shangazi, muuza kahawa wetu, akasimama na birika mkononi.

Shangazi: Umekamilika wapi, baba? Mimi bado nanunua maji ya mkokoteni. Faida yote inaishia kwenye madumu!

Akadakia karani mstaafu, tunayemwita Takwimu.

Takwimu: Taratibu, Shangazi. Nchi haikurupuki, inakwenda kwa mpango. Awamu ya kwanza kibao, ya pili mabomba, ya tatu maji.

Breki, dereva asiye na gari, akacheka puani.

Breki: Na ya nne mazishi.

Takwimu: Wewe shule uliipitia kwa nje. Maji yapo, ila yapo kitaifa. Kuna wenzetu wana mabomba mawili, la jikoni na la bafuni. Wewe huna. Jumlisha, gawanya kwa wawili: kila mtu ana bomba lake.

Breki: Kumbe leo nimeoga kwa wastani! Hebu ninuse hapa.

Takwimu: Toka huko!

Breki: Mimi nawaambieni, hawa hawapangi maji, wanapanga vibao. Kibao kilitangulia, ndipo tukaletwa sisi tukae chini yake, ili kwenye picha kionekane kina wananchi.

Takwimu: Huo sasa ndio ushirikishwaji.

Shangazi: Hebu nyamazeni! Takwimu, wewe umekaa ofisini. Mpango mpya ukija, mtaa wetu utaandikwa?

Takwimu akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Takwimu: Mtaa uliokamilika hauandikwi tena.

Shangazi: Yaani rangi hiyo ikikauka, ndiyo basi? Nifunge biashara? We fundi, shuka!

Fundi: Mama, mimi nimepewa neno, sikupewa mtaa.

Shangazi akanigeukia mimi.

Shangazi: Na wewe, mtu wa sala, hiyo ngazi unamshikia ya nini?

Nikaishika vizuri zaidi.

Fundi akamaliza, akashuka, mikono bluu mpaka kwenye viwiko. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

Fundi: Jamani, bomba liko wapi, ninawe?

Breki akamtazama Takwimu. Takwimu akatazama ndani ya kikombe. Mimi nilikuwa bado nimeng'ang'ania ngazi isiyo na mtu. Shangazi akalibeba dumu lake la mwisho, akaliinamisha juu ya mikono ya fundi, maji yakamwagika mpaka likabaki kudondosha matone.

Shangazi: Nawa, mwanangu. Mradi umekamilika. Na kahawa imekwisha.