Namba ya Juu ya Ubao

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mwalimu wa Hisabati anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika shule hii. Wote tunamwita Baki, kwa kuwa hakuna kitu ambacho hakuulizia kimebaki kiasi gani, hata chai ya kwenye chupa ya ofisini. Alichelewa kazini mara moja tu, siku aliyooa, na ruhusa aliiomba kwa barua.

Kila aliyesoma hapa anaijua ile namba ya tarakimu kumi aliyoichora kwa rangi juu ya ubao wa chumba cha nne. Aliigawa kwa mkono miaka sita, mkewe akihakiki madaftari mezani jikoni, na hawakupata kigawo. Wakatangaza kuwa ni namba tasa. Uzuri wake, alipenda kutuambia, ni huu: namba tasa ukiigawa kwa nne ikabaki moja, lazima iwe jumla ya namba mbili za mraba, tena kwa jozi moja tu. Kumi na tatu ni nne na tisa, basi. Jozi ya namba yake aliipata mkewe. Baki aliiandika nyuma ya picha yao ya harusi.

Hapa mwandishi wa wasifu huu, mwalimu wa Fizikia, ana la kuungama. Miaka tisa iliyopita, shule ilipopata kompyuta, niliiingiza namba ile kwa mchezo tu. Zikatoka jozi mbili. Namba yenye jozi mbili si tasa. Mahali fulani katika madaftari yale kuna hesabu iliyokosewa. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumemzika mkewe. Nikanyamaza, nikajiona muungwana, na kila mwaka ukimya ule ukazidi kuwa mgumu kuuvunja.

Jumatatu kamati ya zawadi ilinionyesha kibao cha mbao kilichochongwa namba hiyo, na chini yake neno moja: Haigawiki. Nilishikwa na aibu, nikaenda kwake. Presha ya macho imemwachia mwanga wa dirisha tu, kwa hiyo nilimsomea tarakimu za ile jozi ya pili naye akazidisha kichwani, midomo ikichezacheza. Ilichukua saa nzima. Hakunigombeza. Aliuliza tu nilijua lini, nikamwambia.

"Wakati huo nilikuwa naona," akasema. "Ningekuwa nimeshatafuta nyingine."

Kibao tumekipiga randa. Nimemwomba niwe naenda kwake kila Jumamosi, mimi nisome, yeye agawe. Bado hajanijibu.

Baki, ahsante kwa vizazi vyote ulivyovifundisha kutoamini jibu kabla ya kulihakiki. Sote tunakuombea mapumziko mema na siku nyingi. Haya nitakusomea mwenyewe mbele ya watu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa kimya ulipokuwa unaweza kuyasoma.