Lorna Skaar na Kulungu wa Mwisho wa Mzee Halvor

Marehemu mama yetu, Lorna Skaar, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 karibu na Choteau, Montana, akiwa mtoto wa tatu wa Nils na Agnes Haugen, wafugaji wa kondoo. Alisoma hapa hapa Choteau hadi alipomaliza sekondari mwaka 1966. Walimu walimsifu kwa hesabu. Wenzake walilalamika kwamba ananuka kondoo. Yeye hakujali.

Kazi ya kuwahifadhi wanyama waliowindwa hadi waonekane kama hai alifundishwa na mjomba wake Olaf. Somo la kwanza lilikuwa kwamba ngozi ina adui asiyeonekana, bakteria, naye hupenda joto na unyevu. Akishatangulia, nywele hunyonyoka, na hakuna gundi ya kuzirudisha. Basi ipoze upesi, ondoa nyama yote, ipake chumvi. Mwindaji aliyechelewa, mama hakumwonea haya.

Ndivyo alivyokutana na baba yetu, Verlin. Oktoba 1974 babu Halvor, baba yake Verlin, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka, alimpiga risasi kulungu akijua ni wa mwisho kwake, akatamani kumwona ukutani kabla hajafa. Baba, kwa mapenzi yaliyochanganyika na uzembe, aliifunga ngozi ingali na joto kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, karibu na hita, akaipeleka kwenye karakana ya mama. Mama alifungua mfuko, akavuta nywele za nyuma ya sikio. Zikabaki vidoleni.

"We bwana, umeniletea ngozi au supu?"

"Nilitaka isichafuke, dada."

"Isichafuke! Umewapikia bakteria karamu. Haya, vua koti, shika kisu."

Walikwangua nyama, wakapasua midomo kwa ndani, wakageuza masikio, wakasugua chumvi kwenye kila kunjo. Maji yalipochuruzika, wakaikung'uta na kupaka chumvi mpya. Nywele zilizobaki zikashika. Sikio moja tu halikupona, kwa hiyo mama alimgeuza kulungu shingo, sikio hilo likaelekea ukutani. Krismasi ile babu alimpapasa, akalia kwa furaha. Alifariki Januari. Baba aliendelea kwenda karakana ya mama bila ngozi yoyote mkononi, wakafunga ndoa tarehe 12 Juni 1976.

Mwaka jana mama aliugua saratani ya kongosho, akalazwa Great Falls. Alitaka kurudi nyumbani, lakini baba alisitasita, akihofu hataweza kumtunza. Siku moja mama aliligonga godoro la hospitali, lililovikwa nailoni, likalia chakachaka.

"Verlin, mume wangu, umenitia tena kwenye nailoni?"

Baba alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaenda kuwasha pikapu.

Mama alifariki tarehe 3 Februari 2024, kitandani kwake, juu ya shuka la pamba, dirisha likiwa wazi kidogo, na kulungu wa babu ukutani. Inatuuma sana. Hata hivyo tunashukuru, maana aliondoka akiwa pale alipotaka.

Ameacha mume, Verlin, watoto wawili, Conrad na mimi, Marit, wajukuu watano, na mdogo wake, Signe. Mjukuu wake Tove ndiye mwenye karakana sasa, na anawaomba wawindaji nailoni waiache nyumbani.

Lala penye hewa safi, mama. Upumzike kwa amani.