Mistari Minne ya Mzee Osman

Baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Ijumaa tarehe 29 Juni 2007, Bw. Osman Shafi, fundi mkuu wa hadubini katika kituo chetu cha utafiti wa damu hapa Kitale, atarudisha funguo za maabara. Sisi tutakaoachiwa funguo hizo hatujui tutaanzia wapi.

Mzee Osman aliajiriwa tawi la Bungoma mwaka wa 1975, akahamia Kitale mwaka wa 1984. Lenzi alikuja amezipakata mwenyewe, zimefungwa kwenye leso ya mkewe, Bi. Zuena, ambaye anasema mpaka leo leso hiyo hajaiona. Ndiye aliyetutengenezea kabati lenye balbu inayowaka mchana kutwa, ili unyevu wa Kitale usiziletee lenzi kuvu. Kuna mfanyakazi aliyekuwa akificha chapati zake humo zisipoe. Sitamtaja, maana ndiye anayeandika haya.

Wengi wamemjua kwa mlango wake. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia saiba, kwenye duka la intaneti, akachapisha matangazo ya nafasi za uzamivu, na za utafiti baada ya uzamivu, katika hadubini na fizikia ya viumbe, akayabandika mlangoni. Yeye mwenyewe ana diploma tu. Lakini vijana walitoka hadi Webuye na Lugulu kuja kuusoma mlango huo, na hakuna aliyeondoka kabla ya kuulizwa amefanya nini kwa mikono yake.

Jelimo, msaidizi wetu wa utafiti, aliomba nafasi tisa, zote akakataliwa. Barua za kumpendekeza ziliandikwa na wakubwa wenye vyeo ambao hawakuwahi kumwona akigusa hadubini. Mimi, karani wa maabara, ndiye niliyemshauri hivyo. Kufikia Oktoba 2002, babake alishampa hadi mwisho wa mwaka: asipopata, arudi nyumbani Kapsokwony akafundishe. Msichana wa watu alikonda, tukamwonea huruma kweli.

Mara ya kumi alimwendea Mzee Osman. Mzee akaandika nusu ukurasa, akaniletea nipige chapa. Humo alieleza kwamba Jelimo aliwahi kupima chembe mia nne za damu kwa kipimo kisicho sawa, akagundua mwenyewe, akaja kumwambia kabla ya kuulizwa, kisha akazirudia zote kwa wiki tatu. Nilishtuka. Ati unamwombea mtu nafasi huku ukimtajia kosa lake? Nikairuka sehemu hiyo, nikampelekea barua atie sahihi, nikanyamaza.

Aliisoma, akatoa kalamu, akatia sahihi, na chini yake akaongeza kwa mkono mistari minne: zile chembe mia nne. Tarehe 12 Desemba jibu likaja. Profesa aliyetangaza nafasi hiyo aliandika kwamba waombaji wenye alama nzuri walikuwa wengi, lakini ile mistari ya mkono ndiyo iliyompa Jelimo nafasi. Leo ni Dkt. Jelimo, na mwezi uliopita alianza utafiti wake wa baada ya uzamivu.

Mzee hakuniuliza lolote. Miaka karibu mitano tumekunywa chai meza moja, nami nikakosa ujasiri. Basi Mzee Osman, nakwambia leo mbele ya wenzetu wote: sikusahau. Sehemu ile ya barua niliiruka makusudi, nikijiona nina akili kukushinda, na nusura nimharibie mtoto wa watu maisha. Nisamehe.

Asante kwa yote. Sote tunakuombea afya, na miaka mingi ya raha pamoja na Bi. Zuena huko Kibomet.

Phelista, karani wa maabara